Barua ya wazi: Kabla Tanzania haijaketi meza ya zabuni za dunia, tuiteni na sisi wa Nyanda za Juu Kusini

Kwa Waziri wa Fedha, Waziri wa Viwanda na Biashara, Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma (PPRA), na Waheshimiwa Wabunge wote wa Iringa, Njombe, Mbeya na Songwe.

Kamwene, Waheshimiwa. Poleni na majukumu.

Ninaandika kutoka Mafinga. Mimi ni seremala, na ni mwenyekiti wa kikundi cha mafundi na wasambazaji wadogo. Wengine kati yetu tunatengeneza madawati, vitanda vya bweni na makabati ya zahanati. Wengine wanafyeka na kuandaa miti ya nguzo za umeme. Wapo pia wenye kampuni ndogo za ujenzi zinazochonga barabara za vijijini na kujenga makalvati. Mteja wetu mkubwa ni mmoja tu, Serikali. Ananunua kupitia halmashauri, TARURA ya barabara za vijijini na mijini, RUWASA ya maji vijijini, TANESCO ya umeme, shule na hospitali. Viongozi wenyewe mmekuwa mkitukumbusha kwamba takribani asilimia 70 ya bajeti inapita kwenye ununuzi wa umma. Kwa hiyo anayegusa kanuni za ununuzi huo anagusa ada za watoto wetu.

Jambo langu ni Mkataba wa Ununuzi wa Serikali wa Shirika la Biashara Duniani, WTO. Najua haujawahi kuwa mada ya vijiweni hapa kwetu. Lakini mikataba ya biashara ya siku hizi haizungumzii ushuru wa bandarini peke yake. Mingi inakuja na sura nzima ya zabuni za Serikali. Hata ule Mkataba wa Ubia wa Kiuchumi kati ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya, ambao Tanzania ilikataa kuusaini mwaka 2016, ulikuwa na kifungu cha kurudi mezani baadaye kuzungumzia mambo kadhaa, uwazi katika ununuzi wa umma ukiwemo. Siku moja swali hili litaletwa kwetu rasmi, na sitaki lijibiwe Geneva, makao makuu ya WTO, wakati sisi tuko porini tunapakia mbao.

Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo. Tanzania iombe kiti cha mwangalizi katika mkataba huo. Isiombe uanachama sasa. Na siku itakapofika ya kufikiria uanachama, orodha ya kile tunachofungua na kile tunachobakiza iandaliwe na sisi wazalishaji tukiwa ndani ya chumba.

Kwa faida ya wenzangu watakaosoma barua hii, nieleze kidogo. Mkataba huu haumfungi kila mwanachama wa WTO. Ni wa wanaotaka. Mizizi yake ni makubaliano ya mwaka 1979 yaliyoanza kutumika mwaka 1981. Ukaandikwa upya Marrakesh mwaka 1994 na kuanza kazi Januari 1996. Ukarekebishwa tena mwaka 2012, na marekebisho hayo yakaanza kutumika Aprili 2014. Leo una washiriki 22 wanaobeba wanachama 49 wa WTO, kwa sababu Umoja wa Ulaya unahesabiwa pamoja na nchi zake 27. Marekani imo, Japani imo, Kanada, Korea Kusini, Uswisi. Australia iliingia mwaka 2019, Uingereza ikaingia kwa jina lake yenyewe mwaka 2021 baada ya kutoka Ulaya, na Makedonia Kaskazini mwaka 2023. Hakuna nchi hata moja ya Afrika iliyo mwanachama. Kamerun, Kodivaa na Shelisheli ni waangalizi tu.

Msingi wake ni huu: nikikufungulia zabuni zangu, kampuni yako nitaihesabu sawa na kampuni ya nyumbani kwangu, na wewe vivyo hivyo. Sheria za kawaida za WTO zinaziacha nje zabuni za Serikali, ndiyo maana ukahitajika mkataba wa pembeni. WTO inakadiria kwamba soko lililofunguliwa na washiriki lina thamani ya dola trilioni 1.7 kwa mwaka. Ukisikia takwimu hiyo katika semina, moyo unaruka. Nawaombeni mngoje kidogo kabla ya kupiga makofi.

Mkataba haufungui kila kitu. Kila nchi inaandika viambatisho vyake: taasisi zipi za Serikali Kuu zimo, zipi za mikoa na halmashauri, mashirika gani ya umma, bidhaa gani, huduma gani, ujenzi gani, na kuanzia thamani gani. Kilichoandikwa kimefunguliwa, ambacho hakikuandikwa kimebaki chako. Kwa maneno mengine, maandishi makuu ya mkataba ni yaleyale kwa wote, ila uhai au kifo cha fundi kiko kwenye viambatisho.

Tuchukue hesabu. Kiwango cha kawaida kwa bidhaa zinazonunuliwa na Serikali Kuu ni SDR 130,000, yaani ile fedha ya mahesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF). Kwa viwango vya karibuni ni kama shilingi milioni 440 hivi. Kwa halmashauri, nchi nyingi zimeweka SDR 200,000, karibu shilingi milioni 680. Kwa ujenzi, kiwango cha wengi ni SDR milioni 5, ambayo ni shilingi bilioni 17 na kidogo.

Sasa linganisheni na karakana yetu. Zabuni ya madawati ya kata au vitanda vya bweni moja haifiki hata robo ya viwango hivyo. Kwa hiyo yule anayetisha watu kwamba Wajerumani watakuja kugombea madawati ya Malangali anapotosha. Hofu hiyo haina msingi na tusipoteze muda nayo.

Tatizo liko juu kidogo ya hapo. Kanuni zetu za ununuzi za mwaka 2024, zilizotungwa chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya mwaka 2023, zimetenga miradi ya ujenzi isiyozidi shilingi bilioni 50 kwa kampuni za Kitanzania. Tulishangilia, na nawashukuru kwa dhati kwa hatua hiyo. Lakini tazameni pengo: kati ya bilioni 17 na bilioni 50. Hilo ndilo eneo ambalo mkandarasi wa Mbeya au Iringa, aliyeanza na kalvati, akapanda madaraja ya Bodi ya Usajili wa Makandarasi mwaka hadi mwaka, anatakiwa kukua. Mkisaini kwa kiwango cha kawaida, eneo hilo linafunguliwa kwa kampuni za nchi zote washiriki, na kampuni hizo zinakopa benki za kwao kwa riba ambayo sisi hatujawahi kuiona. Kijana wetu atabaki kuwa mkandarasi msaidizi milele.

Najua mtasema Ibara ya Tano ya mkataba inazipa nchi zinazoendelea nafuu. Ni kweli, na nimeisoma. Inaruhusu kuweka viwango vya juu zaidi kwa muda, kumpa mzawa upendeleo wa bei, kudai sehemu ya kazi ifanyike ndani, na kuingiza taasisi polepole. Nchi maskini zaidi inaweza kupewa hadi miaka mitano ya kuchelewesha utekelezaji wa wajibu fulani, na nchi nyingine zinazoendelea miaka mitatu. Lakini nafuu hizo ni za mpito na zinajadiliwa na washiriki waliomo ndani. Miaka mitano kwa mtu aliyepanda miti ni nini?

Hapa niwapeleke kwenye nguzo, kwa sababu ndipo moyo wangu ulipo. Mkaratusi wa nguzo unahitaji miaka kumi hivi shambani. Mkulima anachagua ule ulionyooka, anaukata, anaumenya magome siku hiyohiyo kabla hayajang'ang'ania, halafu nguzo zinapangwa juu ya vichanja zikauke kwa upepo. Kichwani na kitako hupigwa kibati chenye meno ili mti usipasuke unapokauka. Unyevu ukishuka, nguzo zinaingizwa kwenye mtungi mkubwa wa chuma, hewa inanyonywa, kisha dawa inasukumwa kwa mgandamizo hadi ipenye kwenye mti. Ukikata kipande cha majaribio unaiona dawa imezunguka kama pete, na fundi anaipima kwa rula pete hiyo ina unene gani. Ikiwa nyembamba, nguzo inarudi mtungini. Ikipita, inagongwa alama ya urefu na mwaka, na gari linapakia.

Kuna wakati nguzo nyingi za umeme za nchi hii zilikuwa zinaagizwa nje, Afrika Kusini ikiwemo, huku miti ya Mufindi na Njombe imesimama. Serikali ikaamua nguzo zinunuliwe nyumbani. Uamuzi ule ulifanya kazi kuliko semina zozote za ujasiriamali nilizowahi kuhudhuria. Watu walipanda miti hadi kwenye vilima vilivyokuwa malisho. Walimu wastaafu walinunua ekari mbili, tatu. Viwanda vya kutibu nguzo vikapata kazi, na vijana wa kumenya magome, madereva na mama lishe wakapata chao.

Sasa nisomeeni mkataba huu mbele ya huyo mwalimu mstaafu. Mashirika ya umma ya umeme na maji kwa kawaida huwekwa kwenye kiambatisho cha tatu, na kiwango cha wengi kwa bidhaa ni SDR 400,000, karibu shilingi bilioni 1.4. Zabuni ya nguzo za mradi wa umeme vijijini inapita hapo kwa urahisi. Na Ibara ya Nne inakataza, nje ya ile nafuu ya mpito, kuweka masharti ya kutumia bidhaa za ndani kama kigezo cha kumpata mshindi. Shirika la umeme likiingia kwenye kiambatisho bila nguzo kuondolewa, amri ya kununua nyumbani inakuwa uvunjaji wa mkataba, na nchi inaweza kushtakiwa WTO. Mti uliopandwa leo utafikia kukatwa wakati nafuu ya miaka mitano imekwisha zamani.

Je, tutapata nini upande wa pili? Niliuliza swali hili mahali pengi na jibu nililolipata linapaswa kujulikana na kila mbunge. Marekani, katika kanuni zake za ununuzi wa shirikisho, imeziweka nchi maskini zaidi duniani kwenye orodha ya nchi ambazo bidhaa zake zinakubaliwa katika zabuni zinazoguswa na mikataba, hata kama nchi hizo hazijasaini mkataba huu. Tanzania imo kwenye orodha hiyo. Mlango huo, kwa maandishi, umekwishafunguliwa. Ni nani kati yetu amewahi kuupita? Kwa ninavyofahamu hapa Nyanda za Juu, hakuna hata mmoja. Kizuizi chetu ni mtaji, vyeti vya ubora, wingi wa mzigo, meli, na kutojua hata tangazo linatoka wapi. Uanachama hautibu hata kimoja katika hivyo.

Nafasi hiyo tunaipata kwa sababu Umoja wa Mataifa bado unatuhesabu miongoni mwa nchi maskini zaidi, ingawa Benki ya Dunia ilitupandisha uchumi wa kati wa chini Julai 2020. Siku tutakapotoka kwenye kundi hilo, hesabu itabadilika. Ndiyo maana nasema kazi ya kujiandaa ianze sasa, tukiwa bado hatujabanwa na mtu.

Halafu kuna China. Watu wengi wanadhani mkataba huu unahusu kampuni za Kichina tunazoziona kwenye barabara zetu. China iliomba kujiunga mwishoni mwa mwaka 2007 na hadi leo iko kwenye mazungumzo. Kujiunga kwetu hakutatupa zabuni hata moja Beijing. Na miradi mikubwa inayoendeshwa kwa taratibu za wakopeshaji, kama ya Benki ya Dunia, inafuata taratibu hizo na si za mkataba huu. Tukiongea kuhusu mkataba tuongee kuhusu mkataba wenyewe, na mambo ya masharti ya mikopo tuyape siku yake. Yanastahili barua nyingine.

Waheshimiwa, tazameni jinsi wakubwa walivyojilinda ndani ya mkataba huohuo. Marekani imeandika kwenye viambatisho vyake kwamba zabuni zilizotengwa kwa biashara ndogo na za makundi ya wachache hazimo. Kanada nayo imeandika hivyo. Yaani wenye uchumi mkubwa kuliko wote walihakikisha fundi wao mdogo hafunguliwi mlango wa nyuma. Sisi tuna asilimia 30 ya ununuzi iliyotengwa kisheria kwa vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Siku yoyote mtakayokaa mezani, asilimia hiyo iandikwe kwenye kiambatisho kwa herufi zisizofutika. Msikubali kuambiwa kwamba jambo hilo haliwezekani. Waliowaambia hivyo wanalo kwao.

Na wapo waliofika mlangoni wakageuka. Brazili iliomba kujiunga mwaka 2020, ikatoa orodha yake, ikajadiliana, kisha Mei 2023 ikaondoa ombi. Serikali mpya ilisema inataka kubaki na ununuzi wa umma kama nyenzo ya kujenga viwanda na kulea biashara ndogo. Uchumi wa Brazili ni mkubwa mara nyingi kuliko wetu, una viwanda vya ndege, na bado waliona wana cha kupoteza. India ni mwangalizi tangu mwaka 2010 na imetulia kwenye kiti chake, inasikiliza. Sisi wenyewe tuna historia katika jambo hili: Julai 2001 mawaziri wa biashara wa nchi maskini zaidi walikutana Zanzibar kabla ya mkutano wa WTO wa Doha, na miaka mitatu baadaye suala la kuandaa makubaliano ya uwazi wa ununuzi kwa wanachama wote likaondolewa kwenye mazungumzo ya Doha baada ya nchi zinazoendelea kukataa. Hatukukataa kwa ujinga.

Lakini kuna upande ambao nataka mnisikilize kwa makini zaidi, kwa sababu wanaopinga mkataba huu hawapendi kuusema. Mkataba huu una mambo mazuri ambayo tunayahitaji kesho asubuhi, na hayahitaji saini ya mtu yeyote wa nje.

Kikundi chetu kiliomba zabuni ya vitanda vya dabo deka kwa taasisi moja ya umma. Tuliomba kwa NeST, mfumo wa Serikali wa zabuni kwa mtandao, na nauzungumza vizuri mfumo huu, kwa sababu umetuondolea safari za kubeba bahasha hadi ofisini na kukutana na watu wanaokuuliza umekuja na nani. Tulipakia leseni, TIN, cheti cha kikundi, michoro, bei. Tukapiga mahesabu ya mbao, bomba la chuma, rangi, usafiri. Matokeo yalipotoka, aliyeshinda alikuwa na bei ya juu kuliko yetu. Inawezekana kabisa alistahili. Pengine vitanda vyake vilikuwa imara zaidi, pengine sisi tulikosa karatasi fulani. Tuliandika kuuliza sababu. Maelezo tuliyopewa yalikuwa sentensi moja isiyotaja kigezo chochote. Tukaandika tena kuomba ufafanuzi, na majibu yalikuja mkataba umeshasainiwa na vitanda viko njiani. Tulibaki hatujui tulipokosea, kwa hiyo hatukuwa na cha kurekebisha kwa zabuni iliyofuata.

Sasa mkataba wa WTO unasemaje? Kwamba waombaji wote waarifiwe uamuzi haraka, na aliyeshindwa akiomba, aelezwe kwa nini hakuchaguliwa na aliyeshinda alimzidi kwa lipi. Kwamba tangazo la nani kapewa, kwa bei gani na kwa njia gani ya zabuni litolewe ndani ya siku 72 tangu kutolewa kwa tuzo. Kwamba zabuni ya wazi iwe na siku 40 za kuandaa maombi kwa kawaida, zikipungua kwa sababu maalumu au kwa matumizi ya mtandao. Kwamba mwenye malalamiko awe na siku zisizopungua 10 za kuyapeleka, kwa chombo kisichoegemea upande wowote, chenye uwezo wa kusimamisha zabuni wakati shauri linasikilizwa.

Sheria yetu ina vitu vinavyofanana na hivyo: kuna tangazo la kusudio la kutoa tuzo, kuna Mamlaka ya Rufani za Zabuni. Pengo liko kwenye utekelezaji huku chini. Mafundi wengi hawajui kwamba wanaweza kulalamika, wanaojua wanahofia kuharibu uhusiano na ofisa anayewanunulia, na wakijitutumua wanakuta muda umepita. Mkitaka kuiga kitu kutoka Geneva, igeni hiki. Mwekeeni ofisa wajibu wa kuandika sababu kwa vigezo na alama, mwombaji azione ndani ya NeST kabla mkataba haujasainiwa. Ongezeni siku za kulalamika kwa zabuni zinazohusu makundi maalumu. Kwa kufanya hivyo tutakuwa tumepata nusu ya faida ya mkataba bila kumfungulia mtu soko.

Kuna jambo ambalo hata mkataba wenyewe haulitibu, nalo ni malipo. Fundi anashinda zabuni, anakopa, anapeleka mzigo, hati ya malipo inasainiwa, halafu kimya. Benki haisubiri hazina. Mwenzetu mmoja wa barabara za vijijini aliuza greda la mitumba ili kulipa riba ya mkopo aliochukua kwa ajili ya kazi ya Serikali ambayo Serikali ilikuwa haijamlipa. Mnapozungumzia ushindani wa kimataifa na kampuni zenye mitaji, kumbukeni kwamba mtaji wetu mwingi umekaa kwenye madeni yenu.

Naomba mambo haya.

Wizara ya Viwanda na Biashara itoe tamko la wazi, kwa Kiswahili, kuhusu msimamo wa Serikali juu ya mkataba huu na juu ya sura za ununuzi katika mikataba mingine inayojadiliwa. Ibara ya 63(3)(e) ya Katiba inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba. Wabunge hawawezi kujadili vizuri kitu ambacho wapiga kura wao hawajawahi kukisikia. Mkataba wenyewe upo kwa Kiingereza, Kifaransa na Kihispania. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria nchini, basi andaeni tafsiri yake, na muanze na viambatisho vya nchi zinazofanana nasi.

Serikali iombe kiti cha mwangalizi. Mwangalizi hafungui zabuni hata moja wala hafungwi na chochote. Anakaa, anasikiliza, anapata nyaraka, anajifunza jinsi wengine wanavyopanga orodha zao. Mpelekeni mtu anayezijua NeST na kanuni zetu za mwaka 2024 kwa vitendo, si mwanadiplomasia peke yake. Na ripoti yake iwafikie wabunge kila mwaka.

Wizara ya Fedha na PPRA waandae hesabu ya mfano: iwapo tungejiunga kwa viwango vya kawaida, ni zabuni zipi za miaka mitatu iliyopita zingekuwa zimefunguliwa, za taasisi gani, mikoa gani, na nani alizishinda. Takwimu zipo ndani ya mfumo wenu. Sisi hatuna namna ya kuzitoa, ninyi mnayo. Nguzo, mbao, samani, sare, vyakula vya shule na hospitali, na ujenzi wa kati ya bilioni 17 na 50 viwe na kurasa zake.

Wabunge wetu wa Nyanda za Juu, nyinyi nawaomba kitu kimoja tofauti. Msisubiri muswada. Jumuiya ya Afrika Mashariki tayari, kupitia Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza Julai 2010, inakataza kubagua wasambazaji wa nchi wanachama katika ununuzi wa umma. Mmewahi kutuuliza ni wangapi kati yetu wameomba zabuni Lilongwe au Lusaka, kwa majirani zetu ingawa si wanachama wa Jumuiya, au hata Kigali ambako ni wanachama? Fundi wa Tunduma anavuka mpaka kununua sukari lakini hajui zabuni ya shule iliyo ng'ambo ya geti inatangazwa wapi. Tuanzie hapo, kwa majirani. Tukijifunza kushinda Zambia na Rwanda tutakuwa na kitu cha kuongea na Ulaya.

Kikao cha kwanza kifanyike Makambako, njia panda ya sisi wote: wa Iringa wanashuka, wa Mbeya na Songwe wanapanda, wa Njombe wako nyumbani, na wa Songea wanafika. Msiweke wakati wa kupanda mahindi, Novemba na Desemba, maana mtakuta viti vitupu. Baada ya mavuno, Julai au Agosti, tutakuja. Wenye nguzo watakuja na vipande vya majaribio, makandarasi watakuja na hati zao za malipo, na mimi nitakuja na barua zile za vitanda. Ukumbi tutachangia wenyewe.

Nasubiri majibu yenu, kwa barua au kwa kikao.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Seremala na mwenyekiti wa kikundi cha mafundi,
Mafinga, Iringa